Kulea dungusi adimu tangu mbegu

Wengi wanaosia mbegu za dungusi kakati kwa mara ya kwanza huponzwa na sifa za mmea mzima. Wameuona ukikaa juani miezi bila tone la maji, nao wanaamini kwamba mtoto wake atakuwa vivyo hivyo. Mbegu zinaota, vimche vinachomoza vikiwa na ukubwa wa kichwa cha pini, na siku chache baadaye jua limevimaliza. Msimu unaofuata wanamwagilia kwa wingi, navyo vinaoza. Kinachopotea katika visa vyote viwili ni jambo moja: dungusi mchanga na dungusi mzima ni kama mimea miwili tofauti, na mlezi anatakiwa kuutoa mche upande mmoja na kuufikisha upande wa pili bila haraka.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Dungusi huishi kwa akiba ya maji iliyo ndani ya mwili wake. Kitu cha mviringo kikiwa kidogo, ngozi yake huwa kubwa mno ukiilinganisha na kilichomo ndani, kwa hiyo maji huondoka upesi kuliko yanavyowekwa. Ngozi yenyewe bado ni nyembamba, mzizi nao ni mfupi. Ndiyo maana hata jangwani mbegu inayoangukia mahali peupe mara nyingi haifiki mbali. Inayoponyoka ni ile iliyoota baada ya mvua, kivulini mwa kichaka, ambako udongo unachelewa kukauka. Saguaro, lile dungusi refu la Arizona na Sonora ambalo watu wengi wamelijua kwenye filamu, likiwa na umri wa miaka 10 linaweza kuwa na kimo cha sentimita 4 tu.

Mfano unaofaa kujifunzia ni Astrophytum asterias. Ni mmea wa chini, bapa, usio na miiba, wenye mbavu nane kwa kawaida na vidoa vyeupe vya manyoya, na ua la manjano lenye wekundu katikati. Makao yake ni vichaka vya miiba vya kusini mwa Texas, katika wilaya ya Starr, na kaskazini mashariki mwa Mexico, hasa Tamaulipas. Mkusanyaji wa mimea Karwinski aliuchukua porini mwaka 1843, mtaalamu wa mimea Zuccarini akaupa jina la kisayansi mwaka 1845, kisha ukatoweka machoni mwa wataalamu hadi mwaka 1923, Mcheki Alberto Vojtěch Frič alipoupata tena. Wakusanyaji nao hawakuchelewa. Mwaka 1993 Marekani iliuorodhesha miongoni mwa mimea iliyo hatarini kutoweka, na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, umeuweka katika Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali kuliko vyote. Huko Texas umepata balaa jingine: wachumaji wa peyote, dungusi mwingine, huung'oa kwa kudhani ni peyote, kwa kuwa yote miwili haina miiba na imelala chini.

Hata hivyo mmea huuhuu adimu porini ni miongoni mwa dungusi rahisi kuoteshwa. Mbegu yake ni kubwa kwa kipimo cha jamaa zake, ya kahawia inayong'aa, yenye uwazi upande mmoja kiasi kwamba huelea majini. Ikiwa mbichi na joto ni nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, huota ndani ya wiki moja, nyingine siku ya tatu tu. Ikikaa miaka michache kabatini uwezo huo hushuka sana, kwa hiyo umri wa mbegu ndilo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji.

Udongo wa kusia uwe wa mawe zaidi kuliko mboji: mchanga mkavu wa mtoni uliooshwa, changarawe ndogo, mawe mepesi ya volkano yaliyopondwa. Mboji hushika maji na kulisha kuvu, na kuvu ndio chanzo cha kinyausi, ugonjwa ule ule unaoangusha miche ya nyanya kitaluni. Uchemshe udongo kwa mvuke wa sufuria nusu saa, uuache upoe, kisha panga mbegu juu yake bila kuzifukia, maana nyingi za jamii hii zinahitaji mwanga ili ziote. Chungu kisimame kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa hadi udongo uloe kutoka chini, kisha kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Kiwekwe penye mwanga mwingi, lakini jua lisikipige moja kwa moja, maana mfuko uliofungwa ukipigwa na jua huwa tanuri.

Zikishaota, zitazame kwa makini. Astrophytum ina tabia ya kuota kichwa chini: mzizi unakwama juu ya udongo na mche unalala ubavu. Toboa shimo dogo kwa kijiti cha meno, uingize mzizi, basi. Vimche vikigeuka vyekundu, mwanga umezidi; vikirefuka na kupauka, haujatosha. Utando wa kijani juu ya udongo ni mwani. Hauui, ila ukikaa muda mrefu huziba uso wa udongo na kuusonga mche.

Mfuko ufunguliwe lini? Hapa wakulima hugombana. Wapo wanaoufungua miche ikishatoka tu, na wapo wanaouacha umefungwa miezi kadhaa. Kwangu jibu linategemea mbegu. Astrophytum ni mche mnene, unaweza kuanza kupata hewa baada ya wiki chache, kwa kufungua mfuko kidogo kidogo. Aztekium, dungusi wa miamba ya Nuevo León, ana mbegu kama vumbi, na mche wake baada ya mwaka mzima bado ni tone la kijani. Huyo kumfungulia mapema ni kumuua. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa joto si tatizo, na gharama ya vipasha joto wanayoibeba wenzetu wa Ulaya haimhusu. Unyevu wa pwani ndio unaopaswa kumtia wasiwasi: mfuko ukifunguliwa, hewa izunguke kweli.

Kuhamisha miche ndiko kunakopoteza mingi iliyokwisha kuponyoka. Astrophytum hapendi kuguswa mizizi, kwa hiyo usimhamishe kwa sababu tu umechoka kumwona kwenye chungu kile kile. Subiri miche iguse mabega, au ifikie upana wa sentimita moja hivi. Udongo uwe umekauka kiasi, uachie mizizi wenyewe bila kuvutwa. Kila mzizi uliokatika ni kidonda, na kidonda kikikutana na maji kinaoza. Mche ukae kivulini siku mbili tatu, upandwe kwenye udongo mkavu, maji yafuate baada ya siku kadhaa. Mche mkubwa unaweza kungoja wiki nzima, mdogo hauwezi. Shingo, pale mwili unapokutana na mzizi, isizikwe chini ya kiwango chake cha awali. Izungushie changarawe kavu, iushikilie mche na kuzuia maji yasituame hapo. Chungu kiwe na kina kikubwa kuliko upana.

Baada ya hapo ndipo jua linapoanza, na lianze la asubuhi, chini ya wavu. Ngozi ya dungusi ikiungua, kovu halifutiki.

Wenye haraka hubebesha mche wa wiki chache juu ya Pereskiopsis, dungusi mwembamba mwenye majani, na ukuaji unaongezeka mara nyingi. Mmea unaotoka huvimba na kupoteza umbo lake la asili, lakini unatoa maua na mbegu mapema, na kwa spishi iliyobakiza mimea michache faida hiyo si ndogo. Kumbuka tu kwamba Astrophytum asterias haujichavushi: bila mimea miwili ya uzao tofauti, hakuna mbegu.

Kwa Astrophytum, miche ya vitaluni imesaidia, maana leo huzalishwa kwa wingi Japani, Thailand na Ulaya kiasi kwamba mnunuzi hana kisingizio cha kutafuta wa porini. Kwa spishi zinazokua polepole bado. Mwaka 2020 polisi wa Italia walikamata zaidi ya dungusi 1,000, wengi wao Copiapoa walioibwa katika jangwa la Atacama nchini Chile, kwa sababu wapo wanaotaka mmea mzee leo badala ya mche wa miaka 20 ijayo. Mbegu za spishi za Kiambatisho cha Kwanza nazo zinahitaji kibali cha CITES kuvuka mpaka, na mbegu yoyote inayoingia nchini iwe na cheti cha afya ya mimea. Waulizwe wasimamizi wa afya ya mimea: Kenya ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA. Nawe ukiuziwa dungusi adimu mkubwa, mwenye makovu na chini yake pakavu kama gome, kwa bei nafuu na bila karatasi yoyote, usimnunue.