Hedhi ikikoma, kinga ya mwili inavyoweza kuifungia njia insulini

Alfajiri, kabla foleni ya malori haijarefuka Namanga, Busia au Rusumo, akina mama wa biashara huwa wameshafika. Mmoja ana magunia ya maharage, mwingine dagaa, mwingine vitenge na viatu vya mitumba. Miongoni mwao wapo waliovuka miaka 45 na 50, umri ambao mtaji umeshakua, wateja wanawajua kwa majina, na ada za watoto bado zinatoka kwenye mfuko ule ule.

Ndio umri ambao hedhi hukoma. Kwa mama anayelala kwenye basi leo na nyumba ya wageni kesho, dalili zake huhesabiwa kuwa uchovu wa safari. Joto la ghafla hupanda kifuani hadi usoni. Jasho la usiku hudhaniwa ni malaria. Usingizi hukatika mara tatu, mara nne. Na gauni lililokuwa likimtosha sasa linabana tumboni, ingawa chakula ni kile kile.

Joto na jasho, kwa wengi, hupungua kadiri miaka inavyopita. Tumbo ndilo linalobaki, na ndani yake kuna habari ambayo kila mama wa biashara anastahili kuijua mapema: baada ya hedhi kukoma, chembe za kinga ya mwili zinaweza kuanza kuizuia insulini isifanye kazi yake. Mwisho wa njia hiyo ni kisukari cha aina ya pili, ugonjwa unaoweza kukaa mwilini miaka kadhaa bila mwenyewe kujua.

Sukari inavyokwama mpakani

Wataalamu husema hedhi imekoma pale mwanamke anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, bila sababu nyingine kama ujauzito. Kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Ovari huwa zimepunguza sana kutengeneza homoni ya estrojeni.

Kuelewa kinachofuata, fikiria mpaka. Chakula kikisagwa tumboni, sukari huingia kwenye damu kama malori yenye mzigo. Mzigo unatakiwa kuingia kwenye misuli, ini na mafuta, lakini lango halijifungui lenyewe. Insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho, ndiyo wakala anayefika na nyaraka ili lango lifunguliwe.

Mwili ukiwa na ukinzani wa insulini, wakala anafika, nyaraka ziko sawa, lakini lango halifunguki. Foleni inarefuka. Kongosho likiona hivyo hutuma mawakala wengi zaidi, na kwa muda mambo huenda. Mtu akipimwa sukari wakati huo anaweza kuambiwa iko sawa. Lakini kongosho haliwezi kufanya kazi ya ziada milele. Likichoka, sukari hubaki kwenye damu, nacho kisukari huanza.

Nani anapiga king'ora?

Swali lililowasumbua watafiti kwa miaka mingi ni kwa nini lango linagoma. Jibu moja lilipatikana mwaka 1993 mjini Boston, Marekani. Gökhan Hotamisligil, Bruce Spiegelman na wenzao waligundua kwamba mafuta ya panya wanene yalikuwa yakitoa kwa wingi protini iitwayo TNF-alfa. Walipoizuia protini hiyo, insulini ilifanya kazi vizuri zaidi kwa panya hao.

Ugunduzi huo uliwashangaza wengi, kwa sababu TNF-alfa ilijulikana kama kifaa cha kinga. Iko katika kundi la protini ziitwazo saitokini, ambazo chembe za kinga huzitumia kupashana habari. Ukijikata kidole au ukipata maambukizi, saitokini ndizo zinazopiga king'ora, askari wa mwili wanakusanyika, panakuwa pekundu, panauma, kisha panapona. King'ora kikishamaliza kazi hunyamaza.

Kwenye mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka utumbo na ini, king'ora hicho hakinyamazi. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yalionyesha kwamba mafuta ya mwili mnene hujaa makrofaji, chembe za kinga zinazomeza uchafu na vijidudu. Hizo pamoja na mafuta yenyewe humwaga TNF-alfa, interlukini-6 na nyinginezo kwenye damu, kidogo kidogo, usiku na mchana. Hakuna homa wala kidonda. Ni mchochota wa chini kwa chini usiouma.

Madhara yake yanatokea ndani ya seli. Insulini ikigonga mlango, ujumbe wake hupokelewa na protini ya kati, nayo huupeleka ndani ili lango lifunguliwe. TNF-alfa huwasha vimeng'enya vinavyobandika alama mahali pasipotakiwa kwenye protini hiyo. Ujumbe unaishia njiani. Ni kama hati iliyogongwa muhuri usio wake: mzigo ni halali, lakini hauvuki.

Estrojeni ilikuwa inatuliza

Mama aliyekoma hedhi anaingiaje hapa? Estrojeni, pamoja na kazi yake ya uzazi, husaidia kuzituliza saitokini hizi. Pia huelekeza mafuta yakae kwenye mapaja na makalio, mahali ambapo hayana madhara makubwa. Homoni hiyo ikishuka, mafuta huhamia tumboni, karibu na ini, na mtulizaji wa king'ora anakuwa ameondoka.

Mambo mengine huongezeka. Misuli, ambayo ndiyo soko kubwa zaidi la sukari mwilini, hupungua kadiri umri unavyosogea. Usingizi unaokatwa na jasho la usiku nao huufanya mwili uikatae insulini zaidi. Watafiti bado wanabishana ni kiasi gani cha tatizo kinatokana na hedhi kukoma na kiasi gani kinatokana na umri na uzito, kwa kuwa vyote hufika pamoja. Lakini jambo moja limeonekana katika tafiti nyingi: wanawake ambao hedhi yao ilikoma mapema, kabla ya miaka 45 na hasa kabla ya 40, wana hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha aina ya pili. Aliyeondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji akiwa bado kijana anapaswa kumweleza daktari hivyo anapokwenda kupima.

Dawa ya mkato haijapatikana

Kama TNF-alfa ndiyo inayofunga lango, mbona isizuiwe kwa dawa? Ilijaribiwa. Mwaka 1996 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa wa kisukari kingamwili ya kuizuia. Haikubadilisha kitu katika utendaji wa insulini. Miaka ya baadaye jaribio kubwa la watu zaidi ya 10,000 lilizuia saitokini nyingine, interlukini-1 beta. Mishtuko ya moyo ilipungua, lakini idadi ya waliopata kisukari kipya haikupungua. Mwili wa binadamu una ving'ora vingi. Ukizima kimoja, vingine vinaendelea kulia.

Homoni nazo zilipimwa. Katika utafiti mkubwa wa afya ya wanawake nchini Marekani, waliopewa estrojeni na projestini walipata kisukari kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 21 kuliko wasiopewa. Hata hivyo matibabu hayo yaliongeza saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda, na jaribio likasimamishwa mwaka 2002. Leo homoni huweza kutolewa kwa mwanamke anayeteswa na joto la ghafla, baada ya daktari kupima faida na hatari zake, lakini hazitolewi kwa lengo la kuzuia kisukari.

Hapa akina mama wawe macho na chupa na vifurushi vinavyouzwa kwenye mabasi na masoko ya mpakani kwa jina la kuongeza kinga. Tatizo lililoelezwa hapa si kinga dhaifu. Ni kinga inayopiga kelele pasipo na adui. Anayekunywa dawa ya aina hiyo na kuacha kupima sukari anapoteza fedha na muda, na muda ndio wenye thamani zaidi. Na aliye na bidhaa hizo mezani kwake ajue anachomuuzia mwenzake.

Njia ya panya iliyo halali

Kilichothibitishwa ni cha bei nafuu kuliko chupa hizo. Mwaka 2002 Wamarekani walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, kama vile kutembea kwa kasi, walipunguza hatari yao kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini walipunguza kwa asilimia 31. Waliokuwa na miaka 60 na zaidi ndio walionufaika zaidi na mazoezi na kupunguza uzito.

Sababu iko kwenye misuli. Msuli unaofanya kazi hufungua mlango wa pembeni na kupokea sukari bila kumsubiri wakala wa insulini. Hiyo ndiyo njia ya panya pekee ambayo hakuna ofisa atakayemkamata mtu kwa kuitumia. Zaidi ya hayo, mafuta ya tumboni huwa miongoni mwa ya kwanza kupungua, na ving'ora vyake hupungua nayo.

Mama anayekaa bandani tangu asubuhi, kisha akakaa kwenye basi saa nane, hapati mazoezi hayo kwa kuchoka tu. Dakika 30 za kutembea kwa kasi siku tano za wiki zinatosha. Kunyanyua mizigo ya kiasi husaidia kulinda misuli. Kwenye sahani, ugali, wali, chapati au matoke vipungue hadi robo, mboga zichukue nusu, na robo iliyobaki iwe maharage, dagaa, samaki au kuku. Soda na chai ya sukari nyingi za njiani ndizo za kuachwa kwanza.

Kupima ni muhimu, kwani mwanzoni hakuna dalili. Utepe wa fundi cherehani unatosha kuanzia: kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 80, ni onyo. Kisha sukari ipimwe kabla ya kula asubuhi. Kikipatikana 7.0 au zaidi na kurudiwa siku nyingine kikawa hivyo, ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni taa ya njano. Anayepima nchi mbili tofauti asishtuke akikuta namba kubwa: mashine nyingine husoma kwa miligramu, na hapo 7.0 huandikwa 126. Ukizidisha namba ndogo kwa 18 unapata kubwa.

Aliyekwisha kuanza dawa asafiri nazo kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari na daftari la kliniki, ili muuguzi wa upande wa pili ajue pa kuanzia. Insulini isiachwe kwenye gari lililopigwa jua.

Maharage na dagaa wanaovushwa kila wiki ni sehemu ya tiba. Iliyobaki ni mama anayewauza kujiwekea fungu lake kwanza, na kwenda kupima kabla foleni ya ndani haijarefuka.