Korongo Isiyoelea: Mikasa ya Marubani wa Manowari, kutoka Rufiji hadi Nyanda za Juu

Urubani wa manowari ni kazi ya kurusha ndege kutoka juu ya meli na kuirejesha juu ya meli hiyohiyo, yaani kwenye uwanja mfupi unaosogea, unaopanda na kushuka pamoja na mawimbi, na ambao rubani akiukosa hana shamba wala barabara ya kujisalimisha isipokuwa maji. Meli ya aina hiyo huitwa manowari ya kubebea ndege, na sakafu yake ya juu, ambayo ndiyo uwanja wenyewe, huitwa sitaha. Kwa mkazi wa Matasia, Kajiado, anayeishi zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini na ambaye ndege anazozizoea ni zile ndogo zinazotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, na kupita kando ya Milima ya Ngong kuelekea Mara, habari hizi zaweza kuonekana za mbali sana. Hata hivyo sehemu ya historia hiyo imeandikwa katika Afrika Mashariki, na sura yake moja ilifika hadi Nairobi.

Marubani wa aina hii wanasifika kwa visa vya kuchekesha, na ni muhimu kueleza tangu mapema kicheko hicho ni cha namna gani. Ni kicheko cha mtu aliyenusurika, na karibu kila kisa, kikichunguzwa vizuri, kina ndani yake kifaa ambacho hakikuwapo, au hesabu iliyofanywa mahali pasipofaa, na ambayo wenzake waliomsikiliza wakicheka waliirekebisha kabla ya kupaa wao.

Mfano wa kwanza unatoka Marekani. Novemba 14, 1910, Eugene Ely alikuwa mtu wa kwanza kupaa na ndege kutoka kwenye meli, manowari Birmingham, na mara tu alipoiacha sitaha ndege yake ilizama kuelekea chini hata ikayagusa maji, rafadha ikaharibika, naye akalazimika kutua ufukoni badala ya kuendelea na safari aliyokusudia. Ely aliogopa maji na hakuwa mwogeleaji. Kwa hiyo alipokwenda kutua juu ya manowari Pennsylvania huko San Francisco, Januari 18, 1911, alijivika mwilini mipira ya ndani ya tairi za baiskeli ili imsaidie kuelea, na kichwani akavaa kofia ya wachezaji wa mpira wa Kimarekani. Picha hiyo inachekesha kweli, lakini mpira uliojazwa upepo na kuvaliwa mwilini ndio wazo lilelile la jaketi la kuokolea maisha. Na kamba 22 zilizotandazwa sitahani siku ile, kila moja ikiwa imefungiwa mifuko ya mchanga ili ndoano za ndege zizinase na kuipunguzia kasi, ndizo mama wa nyaya za chuma zinazotumika katika manowari hadi leo.

Si kila aliyejaribu alibaki kusimulia. Agosti 2, 1917, Mwingereza Edwin Dunning alitua juu ya manowari Furious iliyokuwa inakwenda, huku wenzake wakikimbia na kuidaka ndege kwa mikono, wakivuta mikanda iliyoshonewa kwa kusudi hilo. Siku tano baadaye alirudia jaribio, ndege ikatumbukia baharini, na Dunning akafa.

Kisa cha Afrika Mashariki kilitangulia kile cha Dunning, na kwa mapana yake kinastahili kusimuliwa kwa kirefu zaidi. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, yaani eneo ambalo mto hugawanyika katika mikono mingi kabla ya kumwaga maji baharini, na ambalo limefunikwa kwa misitu ya mikoko. Kuiona kutoka baharini hakukuwezekana, hivyo Waingereza wakamwajiri rubani wa kiraia aliyekuwa Durban, H. Dennis Cutler, pamoja na ndege aina ya Curtiss yenye kiwiliwili kama mashua, wakampa cheo cha jeshi na kumpakia katika meli ya abiria Kinfauns Castle iliyogeuzwa kuwa ya kivita. Meli hiyo haikuwa na sitaha ya kurukia. Ndege ilishushwa majini, ikapaa kutoka juu ya maji, na kurudi juu ya maji. Hata hivyo yatosha kuihesabu kuwa babu wa manowari za kubebea ndege katika pwani hii.

Katika safari yake ya kwanza, Novemba 1914, Cutler alipaa bila dira, akaingia katika hali mbaya ya hewa, akapotea, na kutua kando ya kisiwa ambacho hakukikusudia, ambako alikaa hadi alipopatikana na kurudishwa. Ndege yenyewe ilikuwa inaugua. Rejeta, yaani kile kifaa cha kupoza maji yanayozunguka katika injini, ilipoharibika, hapakuwa na nyingine ya kufaa karibu, ikabidi itafutwe Mombasa rejeta ya gari la Ford, ifungwe kwenye ndege, na kazi iendelee. Fundi yeyote wa gereji katika barabara ya Ngong hadi Kiserian, aliyewahi kulifufua gari kwa kipuri cha gari jingine, ataielewa hali hiyo bila kuelezwa; tofauti ni kwamba gari likizimika husimama kando ya barabara. Mwezi Desemba injini ya Cutler ilizimika juu ya Rufiji, akashuka mtoni na kutekwa na Wajerumani, ilhali boti ya kuvutia meli iliyoitwa Helmuth iliingia chini ya risasi ikaiokoa ndege tupu na kuiburura hadi baharini.

Ndege za Sopwith zilizoletwa Februari 1915 kuendeleza kazi hiyo ziliposhindwa, chanzo hakikuwa adui wala uzembe wa rubani. Zilikuwa zimeundwa kwa mbao, kitambaa na gundi katika nchi ya baridi, na joto la pwani likailainisha gundi hiyo hata tabaka za rafadha zikaanza kuachana. Zaidi ya hayo, hewa ya joto hutanuka na kuwa nyepesi, hivyo bawa hupata kitu kidogo cha kuegemea na injini huvuta oksijeni kidogo. Ndege iliyopaa na mabomu bila shida kule Uingereza, hapa ilikimbia juu ya maji na kukataa kuinuka. Hapa ndipo ilipo kasoro halisi ya kisa kizima: mahesabu yalikuwa sahihi, lakini ya hewa nyingine.

Lililofanikiwa hatimaye ni kuachana na maji. Kiwanja kilisafishwa katika Kisiwa cha Mafia, na Julai 11, 1915 rubani John Cull na mwangalizi wake Harwood Arnold wakapaa kwa ndege ya Henri Farman ili kuielekeza mizinga ya manowari ndogo Severn na Mersey. Mwangalizi ni yule anayetazama mahali risasi za mizinga zinapoanguka na kutuma masahihisho kwa simu ya upepo, kama telegrafu isiyo na waya ilivyozoeleka kuitwa. Injini ikapigwa. Ndege ilipokuwa inashuka bila nguvu, Arnold aliomba boti ya kuwaokoa, kisha akaendelea kutuma masahihisho hadi dakika za mwisho, na mizinga ikaipata Königsberg, ambayo siku hiyohiyo iliharibiwa na mabaharia wake wenyewe ili isitekwe. Ndege iligusa mto karibu na Mersey na kupinduka. Arnold alirushwa nje, lakini Cull alinaswa ndani, kichwa chini, majini, akachelewa kuibuka kiasi cha kuwatia wenzake hofu. Wote wawili waliokolewa. Mzinga mmoja wa meli waliyoiwinda umewekwa Fort Jesus, Mombasa, ambako mgeni anaweza kuuona.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta manowari halisi za kubebea ndege. Baada ya mashambulizi ya Wajapani dhidi ya Ceylon mwezi Aprili 1942, kikosi cha Mashariki cha Uingereza kilihamia bandari ya Kilindini, Mombasa, na ndege zake zikahitaji viwanja na karakana za nchi kavu. Kwa mapokeo ya wanamaji wa Kiingereza, kambi ya nchi kavu huandikishwa kama meli na kupewa jina la meli, na viwanja vyao vingi vilipewa majina ya ndege wenye manyoya. Hivyo Mombasa ikapata Kipanga, na Nairobi, kwenye karakana ya kukarabati ndege, ikapata Korongo. Kwa desturi hiyohiyo, baharia anayetoka langoni mwa kambi husema anashuka nchi kavu. Katika Kajiado, ambako korongo ni pia bonde lililochimbwa na mvua, jina hilo linapendeza zaidi kuliko walivyodhani waliolichagua.

Korongo haikuyumba kwa mawimbi, lakini ilikuwa na mtego wake. Manowari huelekezwa upepo unakotoka, hivyo kasi ya meli na ya upepo huipunguzia ndege kasi ya kugusa sitaha. Nairobi hakuna meli ya kusaidia, na kwenye kimo cha takriban mita 1,660 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko usawa wa bahari. Kipima kasi humwonyesha rubani namba aliyoizoea, ilhali magurudumu yanagusa ardhi kwa kasi iliyozidi kwa takriban asilimia 8, na umbali wa kukimbia kabla ya kupaa unarefuka. Rubani aliyezoea kufikiri kwamba uwanja mrefu ni uwanja rahisi hujifunza upya hapa.

Kanuni hiyo haijabadilika tangu Rufiji. Kule Wilson, kiwanja kilicho juu zaidi kidogo, mizigo ya abiria wa ndege ndogo hupimwa kwenye mizani, na safari nyingi za Mara huondoka asubuhi, hewa ikiwa bado ina baridi na uzito. Anayezisikiliza kutoka Matasia saa moja asubuhi na saa sita mchana atazisikia zote zikipanda kuelekea Ngong, lakini ile ya mchana hukawia zaidi kuufikia usawa wa kilele.