Watu 900 Chini ya Plastiki: Kesi ya Uwanja wa Wallacedene



Katika kuzunguka matawini tumekuta swali moja kila mahali, kwenye mashamba ya chai na hata viwandani: mfanyakazi akiachishwa kazi, naye amelala nyumba ya kampuni, aende wapi na watoto? Katika shamba moja tulikuta familia nne zimejifunika turubai kando ya barabara. Meneja aliwapa siku saba watoke laini, na siku ya nane askari wa shamba wakatupa vyombo nje. Kisha wakaja watu wa halmashauri, wakasema kando ya barabara si mahali pa kulala. Mzee mmoja akatuuliza: "Kule tumefukuzwa, na hapa tunafukuzwa. Ni wapi basi ambapo mtu anaruhusiwa kuwapo?"

Siku ile hatukuwa na jibu la kumpa. Tangu hapo tumeuliza na kusoma, na leo tunawaletea habari za wenzetu wa Afrika Kusini waliolipeleka swali hilo mpaka mahakama ya juu ya nchi yao. Walishinda, lakini ushindi wao una somo chungu ndani yake. Tusome mpaka mwisho.

Shida ilianzia kwenye pasi

Wallacedene ni kitongoji pembeni mwa jiji la Cape Town. Ili tuelewe kwa nini watu walikosa nyumba huko, lazima turudi nyuma wakati wa utawala wa makaburu. Makaburu walimtaka Mwafrika kiwandani, bandarini na shambani, lakini hawakumtaka mjini. Kila mtu alitakiwa kuwa na pasi, ndugu yake kile kipande ambacho wazee wa Kenya walikivaa shingoni wakati wa mkoloni. Asiye na kibali hakuruhusiwa kukaa mjini zaidi ya saa 72.

Upande wa Cape mambo yalikuwa magumu zaidi. Huko kazi ilitolewa kwanza kwa watu walioitwa machotara, na Mwafrika alifikiriwa baadaye. Mwaka 1962 serikali ikasimamisha ujenzi wa nyumba za familia za Waafrika katika rasi ya Cape. Mwanamume aliwekwa bwenini kwa mkataba, na mke na watoto wakaamriwa wabaki kijijini. Jasho lake lilitakiwa, familia yake haikutakiwa.

Lakini kina mama hawakubaki kijijini. Walikuja, wakajenga kwa mabati, miti na plastiki. Kuanzia mwaka 1975 walijenga mahali panapoitwa Crossroads, na serikali ilipotaka kubomoa, wao ndio waliosimama mbele. Mwaka 1982 kundi la watu wa Nyanga waliokuwa wamevunjiwa vibanda vyao mara kwa mara waliingia katika kanisa kuu la St George's mjini Cape Town, wakafunga kula kwa muda wa majuma matatu na zaidi ili dunia iwasikie. Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986, na mwaka 1994 utawala wa makaburu ukaisha. Hata hivyo, kufuta sheria mbaya hakujengi nyumba. Watu walikuja mjini kwa mamia ya maelfu, na vyumba havikuwapo.

Kutoka kibandani mpaka uwanjani

Wallacedene ya mwaka 1998 ilikuwa hivi. Robo ya familia hazikuwa na kipato chochote. Hapakuwa na maji ya bomba ndani, wala mifereji ya maji machafu, wala mtu wa kuzoa taka. Katika kila vibanda 100, vitano tu vilikuwa na umeme. Mama mmoja, Irene Grootboom, aliishi na familia yake pamoja na ya dada yake katika kibanda kimoja cha mita za mraba 20 hivi. Wengi waliandikisha majina kwa manispaa wapewe nyumba za bei nafuu. Wengine walikuwa wamengoja miaka saba, na hakuna aliyewaambia zamu yao itafika lini.

Mwishoni mwa Septemba 1998 wakachoka kungoja. Wakahamia kiwanja kitupu cha mtu binafsi kilichokuwa jirani, wakakiita New Rust. Kumbe kiwanja hicho kilikuwa kimetengwa kwa ajili ya nyumba za watu wa kipato kidogo. Mwenye kiwanja akaenda mahakamani, akapata amri ya kuwatoa. Siku ile wakazi hawakuwa na wakili. Nao hawakuweza kurudi walikotoka, maana nafasi zao zilikuwa zimekwisha kujazwa na wengine.

Mwezi wa Machi 1999 hakimu aliwapa mpaka tarehe 19 Mei wawe wametoka. Aliwataka pia wao na manispaa wazungumze ili watafute mahali pengine. Tarehe 18 Mei, siku moja kabla ya muda kwisha, matingatinga yalifika. Vibanda vilibomolewa na kuchomwa, na vyombo vikaharibiwa. Gharama ya kazi hiyo ililipwa na manispaa.

Basi watu wakaenda kwenye uwanja wa michezo wa Wallacedene. Ilikuwa mwanzo wa baridi na mvua za Cape. Wakatandika plastiki juu ya vijiti, wakakaa. Walikuwa watu wazima 390 na watoto 510. Hawakuwa na maturubai ya maana wala vyoo. Walikuwa na jambo moja tu: walikuwa pamoja mahali pamoja, na majina yao yalijulikana.

Walivyosema mahakamani

Safari hii walipata wakili. Kwanza aliiandikia manispaa barua, akaikumbusha wajibu wake kwa mujibu wa Katiba. Jibu halikuwaridhisha. Tarehe 31 Mei 1999 wakafungua kesi ya dharura Mahakama Kuu, majina yote 900 yakisimama nyuma ya jina la mama Grootboom.

Katiba mpya ya Afrika Kusini ya mwaka 1996, kifungu cha 26, inasema kila mtu ana haki ya kupata makazi ya kutosha, na kwamba serikali lazima ichukue hatua za maana, kwa kadiri ya uwezo wake, ili haki hiyo itimie hatua kwa hatua. Inasema pia kwamba mtu hawezi kutolewa katika makao yake bila amri ya mahakama iliyotazama hali yote ya mambo.

Mwezi wa Desemba 1999 Mahakama Kuu ilisema watoto wana haki ya kupata hifadhi, na wazazi wakae nao. Ikataja kiwango cha chini kabisa: mahema, vyoo vya kuhamishika, na maji ya kuletwa mara kwa mara. Serikali ikakata rufaa.

Kesi ikafika Mahakama ya Katiba. Hukumu ilitolewa tarehe 4 Oktoba 2000, ikaandikwa na Jaji Yacoob. Ndugu wasomaji, hapa ndipo penye kiini. Mahakama haikusema kwamba kila asiye na nyumba anaweza kwenda serikalini leo akapewa funguo. Wala haikubariki kuvamia viwanja ili kuruka foleni. Iliuliza swali jingine: je, mpango wa serikali ni wa busara na haki? Serikali ilionyesha mpango mkubwa wa kujenga nyumba kwa miaka mingi ijayo. Mahakama ikausifu. Kisha ikauliza: katika mpango huo, yuko wapi mtu anayenyeshewa usiku wa leo? Hakuwamo. Mpango uliowasahau wenye shida kubwa kuliko wote, ikasema mahakama, hauwezi kuitwa wa haki. Na ule ubomoaji wa tarehe 18 Mei ikasema ulifanana na ubomoaji wa zamani, wa wakati wa ubaguzi.

Ushindi wenye uchungu

Baada ya hukumu hiyo, mwaka 2004 serikali ya Afrika Kusini iliweka mpango wa makazi ya dharura. Mahakama za huko zikaendelea kuzitaka halmashauri za miji zizungumze na watu kwanza, na kuuliza watakwenda wapi, kabla ya kutoa amri ya kuwaondoa. Sheria ya mwaka 1998 kuhusu kuondoa watu kwenye ardhi nayo ikapata meno.

Jambo hilo lilivuka mipaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, nayo inataja haki ya makazi. Mwezi wa Novemba 2011 kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kilibomolewa ingawa mahakama ilikuwa imezuia. Wakazi walishikilia kesi yao miaka kumi. Mwezi wa Januari 2021 Mahakama ya Juu ya Kenya ikasema kwamba watu wasio na ardhi waliojenga makao kwenye ardhi ya umma hawaipati kuwa mali yao, lakini wanapata haki ya makazi ambayo mahakama inaweza kuilinda.

Lakini mama Irene Grootboom, ambaye jina lake linasomwa na wanafunzi wa sheria dunia nzima, alifariki mwaka 2008 akiwa bado anaishi kibandani. Hilo ndilo somo chungu. Hukumu ni karatasi. Karatasi haiezeki nyumba isipokuwa kuna watu wanaoisimamia kila siku.

Tujifunze nini

Sheria za nchi yetu si zile za Afrika Kusini, na hatutaki mtu avamie kiwanja kwa kusoma ukurasa huu. Lakini mambo manne tunaweza kuyachukua.

Kwanza, tafuta msaada wa sheria kabla ya amri kutolewa. Wenzetu walisimama bila wakili mara ya kwanza, na walilipa kwa vibanda vyao.

Pili, msitawanyike. Familia moja kando ya barabara hufukuzwa na askari mmoja. Familia mia zenye orodha ya majina, idadi ya watoto na tarehe waliyotolewa haziwezi kufanywa kana kwamba hazipo.

Tatu, ulizeni swali la Jaji Yacoob. Msiseme tu "tunataka nyumba". Ulizeni: "Katika mpango wenu, sisi tunaolala nje usiku wa leo tumo wapi?"

Nne, nyumba iingie katika mkataba wa kazi. Tunapokaa na mwajiri kujadili mshahara, tujadili pia muda wa kukaa laini baada ya kazi kwisha, nauli ya kurudi nyumbani, na mahali pa watoto mpaka muhula wa shule ufungwe. Kila tawi lilete mapendekezo yake katika mkutano ujao.

Kwa mzee wetu wa kando ya barabara tunajibu hivi: mahali hapo hatupewi, tunapadai, na hatupadai mmoja mmoja. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Umoja ni nguvu.