Mti wa Noeli katika Milima Yetu

Siku za Noeli zikaribiapo, watoto wa Masisi huulizana watapata wapi mti wa kupamba kando ya pango la Mtoto Yesu. Katika picha za Ulaya wameuona mti wenye umbo la msonge, wa kijani mwaka mzima. Mti huo watoka wapi?

Upendwao sana huko ni msunobari wa Nordmann. Kwao ni milima ya Kaukazi, mashariki ya Bahari Nyeusi. Waitwa kwa jina la Alexander von Nordmann, mtaalamu wa Finland wa karne ya 19. Waweza kufika kimo cha meta 60. Watu waupenda kwa kuwa majani yake, membamba kama sindano, hayapukutiki upesi nyumbani. Matunda yake husimama wima juu ya matawi, na yakikomaa huvunjika papo hapo. Kwa hiyo wachumaji wa Ambrolauri, nchini Georgia, hupanda hadi kileleni kuyachuma kabla mbegu hazijamwagika. Mbegu hupelekwa Denmark na kwingineko, na mti wa kimo cha mtu huhitaji miaka kama 10 shambani.

Barani Afrika, misunobari ya jamaa hiyo huota yenyewe Moroko na Algeria tu. Huku Masisi, kwenye vilima vipitavyo meta 2,000, tunao msipresi. Nao ni mgeni: asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, lakini wapenda baridi ya milima yetu. Walikale, katika msitu wa joto wa bonde la mto Lowa, haustawi vivyo hivyo. Huko kuti la mchikichi lafaa kabisa. Wala pambo hili si sharti la imani. Hata Roma, mti wa kwanza ulisimamishwa katika uwanja wa Mtakatifu Petro mwaka 1982, zamani za Papa Yohane Paulo wa Pili.

Sasa tuangalie jambo moja. Mkaratusi ukikatwa huchipua tena kisikini, msipresi hauchipui. Akataye mche kwa sherehe ya siku chache ameua mbao za nyumba ya kesho. Milima ya Masisi ni ya mteremko mkali, na penye miti haba mvua huchukua udongo. Tena vita, tangu mwaka 1993, vimewahamisha jamaa nyingi, na kila jiko la mkimbizi lahitaji kuni au makala.

Basi tukate tawi la ubavuni tu, kwa ruhusa ya mwenye shamba, tulisimamishe katika mkebe wenye mchanga na maji. Au tupambe mche mdogo uliomo ndooni, na mvua za Machi zikianza tuuhamishie ardhini. Mtoto aupandaye leo atapasua mbao akiwa mtu mzima.