Usimamizi wa Sanaa: Hesabu ya Nyuma ya Pazia

Usimamizi wa sanaa ni fani inayofundisha namna ya kuifikisha kazi ya msanii kwa watu, na namna ya kukidumisha chombo kinachoifikisha, kiwe kikundi cha ngoma, ukumbi wa maigizo, tamasha au makumbusho. Msanii hutunga, huimba, huchonga au huigiza. Msimamizi hutafuta ukumbi, fedha, vibali, mafundi na watazamaji, huandika mikataba, kisha hufunga hesabu pazia likishashuka. Kazi yenyewe ni ya kale. Kilicho kipya ni kuwa na shahada yake.

Fani hii ilianza kupata nafasi katika vyuo vikuu miaka ya 1960, hasa Marekani, ambako Yale kilikuwa miongoni mwa vyuo vya kwanza kuwaandaa wasimamizi wa majumba ya tamthilia. Mwaka 1965 serikali ya nchi hiyo iliunda mfuko wa taifa wa sanaa, na fedha za umma zikahitaji watu wa kuziomba, kuzitumia na kuzitolea hesabu. Mwaka uliofuata wachumi wawili, William Baumol na William Bowen, walichapisha utafiti kuhusu uchumi wa sanaa za jukwaani, na hoja yake bado ni msingi wa fani nzima.

Hoja hiyo inaelezeka vizuri kwa taarab. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, kinahitaji leo wapigaji wa udi, ganuni, fidla na nai kama kilivyowahitaji zamani. Wimbo wa dakika kumi haupigwi kwa dakika tano, wala fidla nne hazipigwi na mtu mmoja. Kiwanda cha sabuni kimepata mashine, na mfanyakazi mmoja anatoa mali nyingi kuliko babu yake. Mishahara viwandani inapopanda, mpiga fidla naye hana budi kulipwa zaidi, ingawa idadi ya nyimbo anazopiga kwa usiku mmoja haijaongezeka. Kwa hiyo gharama ya onyesho hupanda kwa kasi kubwa kuliko bei za bidhaa nyingine, na kiingilio peke yake hushindwa kuifikia. Masomo mengi ya usimamizi wa sanaa yanahusu pengo hilo.

Somo la fedha huanza kwa mazoezi madogo. Chukua mfano wa mchezo wa kuigiza ambao mazoezi na mapambo yake yamegharimu shilingi 3,000,000, na kila usiku wa onyesho ukumbi na mafundi hulipwa 1,500,000. Kiingilio ni 20,000, na kila mtazamaji hugharimu 5,000 kwa tiketi, kodi na kinywaji, hivyo hubaki 15,000. Kwa usiku mmoja zinahitajika tiketi 300 kurudisha fedha, lakini ukumbi una viti 250: hata ukijaa, kikundi kinapoteza 750,000. Kwa usiku mbili gharama ni 6,000,000 na zinahitajika tiketi 400 kati ya 500. Mchezo uleule umevuka kutoka kwenye hasara ya lazima hadi kwenye faida inayowezekana, kwa sababu gharama ya mazoezi imegawanywa mara mbili. Mwanafunzi hujifunza hapo kutenganisha gharama zisizobadilika na zile zinazoongezeka kwa kila onyesho au kila mtazamaji, na pia kujiuliza kama mji una watu 400 watakaokuja.

Pengo lisilozibika kwa viingilio huzibwa kwa ruzuku, udhamini wa kampuni, misaada ya mashirika, au mapato ya pembeni kama mgahawa na ukodishaji wa ukumbi. Kila chanzo kina masharti yake: mdhamini hutaka jina lake lionekane, shirika hutaka ripoti, serikali hubadili vipaumbele. Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Zanzibar kila Februari tangu 2004 na kujulikana kwa maonyesho yake ya Ngome Kongwe, lina wageni wengi na jina kubwa. Hata hivyo tamasha la 2016 liliahirishwa kwa kukosa fedha, na likarejea 2017. Umati na uhai wa taasisi ni mambo mawili tofauti, na kuandika maombi ya ufadhili ni ujuzi unaofundishwa kama hesabu.

Sheria ni nguzo ya pili. Wimbo uliorekodiwa hubeba haki zaidi ya moja: ya mtunzi wa maneno, ya mtunzi wa muziki, ya mwimbaji na wapigaji, na ya aliyegharamia rekodi. Tanzania huzitenganisha haki hizo katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2001. Msimamizi asiyejua nani anamiliki nini hawezi kuuza wimbo kwa tangazo la biashara, kudai mirabaha redioni, wala kumlinda msanii anayeshawishiwa kusaini karatasi ya ukurasa mmoja inayomnyang'anya kazi zake zote. Kurekodi ndiko kunakoipa sanaa ya jukwaani njia ya kuuzwa mara nyingi bila kupigwa upya, na faida hiyo humfikia msanii kupitia mkataba.

Masomo ya hadhira na ya uzalishaji hukamilishana. La kwanza huchunguza ni nani anayekuja, anaishi wapi, anarudi nyumbani kwa usafiri gani, na kwa nini jirani yake haji. Mara nyingi jibu si bei ya tiketi; ni saa ya onyesho, au hofu kwamba mahali hapo si pa watu kama yeye. La pili ni kazi ya ratiba: kuanzia siku ya onyesho na kuhesabu kurudi nyuma hadi siku ya kukodi jenereta, kuomba kibali, kuagiza taa na kuanza mazoezi.

Sera ya utamaduni hufuata. Mwanafunzi husoma vyombo vinavyoitawala sekta, kama Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2005 unaozipa nchi haki ya kuwa na sera za kulinda na kukuza sanaa zao.

Katika Afrika Mashariki wengi huifikia kazi hii kwa njia ya mzunguko. Baadhi husomea sanaa yenyewe, kwa mfano katika idara ya sanaa bunifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyotokana na chuo kilichofunguliwa 1981, kisha huongeza masomo ya biashara. Wengine huanza na uhasibu, sheria au masoko, wakajifunza sanaa kwa kujitolea kwenye matamasha. Njia zote mbili zina upungufu unaojulikana: wa kwanza huogopa bajeti, wa pili hamwelewi msanii. Ndiyo maana mafunzo kwa vitendo hupewa uzito mkubwa, na mwanafunzi hutakiwa kuendesha onyesho halisi, lenye fedha halisi, kabla ya kuhitimu.

Ajira zipo katika majumba ya maonyesho kama Kenya National Theatre, lililofunguliwa Nairobi mwaka 1952, katika vituo kama GoDown cha Nairobi na Nafasi Art Space cha Dar es Salaam, katika makumbusho, matamasha, mabaraza ya sanaa, kampuni za muziki na filamu, na katika kuwasimamia wasanii mmoja mmoja. Mhitimu kwa kawaida huanza chini, kama msaidizi wa uzalishaji, mratibu wa wageni au mwandishi wa ripoti za wafadhili. Baadaye hupanda kuwa meneja wa uzalishaji, mkuu wa programu au mkurugenzi. Shahada ya uzamili humfaa zaidi aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa, kwa kuwa hufika darasani na bajeti zake mwenyewe za kuchambua, pamoja na zile zilizoishia kwenye hasara.