Kati ya Kiu na Fort Ternan: Gandhi na Nguvu ya Kunyima

Abiria wa reli ya zamani kutoka Mombasa kwenda Kisumu aliipita Kiu, huko Ukambani, na baadaye sana akateremka hadi Fort Ternan. Nchi iliyo kati ya stesheni hizo mbili serikali ya kikoloni iliwatengea walowezi wa Kizungu. Mwaka 1908 Lord Elgin, waziri wa makoloni mjini London, alithibitisha kwamba Wahindi, ambao jasho lao lilijenga reli yenyewe, wasigawiwe mashamba humo. Wakipsigis na jirani zao, wenye ardhi, hawakuulizwa.

Elgin huyo huyo alimpokea ofisini mwake, Novemba 1906, wakili aliyetoka Transvaal: Mohandas Gandhi. Gandhi alikwenda kupinga sheria ya kuwasajili Wahindi kwa alama za vidole. Waziri alisita, sheria ikazuiwa. Mwaka uliofuata Transvaal ikapata serikali yake ya ndani, ikaipitisha upya. Ombi lilikuwa na hoja nzuri, lakini kulikataa hakukumgharimu mtu chochote.

Hapo ndipo penye kiini cha ukinzani usiotumia mabavu. Maana yake ni kumnyima mwenye mamlaka kitu anachokitegemea, iwe utii, kodi au kazi, na kuipokea adhabu bila kulipiza kisasi. Watu wengi hukumbuka sehemu ya pili, ile ya uvumilivu, wakaisahau ya kwanza. Mwaka 1913 wachimbaji Wahindi wa makaa ya mawe huko Newcastle, Natal, waliitikia wito wa Gandhi wakaweka zana chini. Mgomo ukasambaa hadi mashamba ya miwa. Maelfu walitiwa ndani. Lakini kifungo hakichimbi makaa, na mwaka 1914 kodi ya pauni 3 waliyoipinga ilifutwa.

Mbinu hiyo ilisafiri mbali. Kule Montgomery, Marekani, mwaka 1955 na 1956, Martin Luther King aliongoza ususiaji wa mabasi ambayo abiria wake wengi walikuwa Weusi. Albert Luthuli wa Afrika Kusini na Kenneth Kaunda wa Zambia nao waliichukua, kila mmoja kwa namna yake.

Kenya ilikuwa na jaribio lake, nalo lafaa kutazamwa kwa makini kwa sababu halikufua dafu. Julai 1923 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba nyanda za juu, ile nchi ya kati ya Kiu na Fort Ternan, zingebaki za Wazungu. Januari 1924 Sarojini Naidu, mshirika wa Gandhi, aliongoza mkutano wa Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki mjini Mombasa, na wajumbe wakaazimia kutolipa kodi ya kichwa. Kampeni ikafifia. Mlowezi aliyekuwa Koru au Kericho hakuitegemea kodi ya Mhindi. Alitegemea mikono ya Mwafrika, na Mwafrika hakuwa sehemu ya dai lile. Gandhi naye, alipokuwa Afrika Kusini, aliwapigania Wahindi na kuwaacha Waafrika nje. Doa hilo halijafutika: Desemba 2018 sanamu yake iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Ghana.

Chai, iliyoenea Kericho tangu miaka ya 1920, iliweka nguvu mahali pengine. Majani mawili na chipukizi lake hayangoji. Yakirundikwa muda mrefu hupata joto na kuharibika, kwa hiyo lazima yafike kiwandani mapema. Mchumaji akigoma siku chache tu, jani hukomaa kupita kiasi na mwajiri huihesabu hasara. Hiyo ndiyo karata ya mchumaji, na mashine ya kuchuma inamnyang'anya. Mei 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto Kericho. Kimaadili hilo liko mbali na Gandhi, ila laeleweka: mgomo wa mtu asiyehitajika hausikiki.

Wanaodai ardhi ya mashamba hayo ya chai, Wakipsigis na ukoo wa Talai, wamechagua njia ya sheria. Walikwenda Umoja wa Mataifa, kisha mwaka 2022 wakafungua madai katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Naiona njia hii ikifanana zaidi na safari ya London ya 1906 kuliko mgomo wa Natal. Kitu ambacho kampuni za chai zinakitegemea bado kipo, lakini siku hizi kiko mbali na mashamba: ni mnywaji wa ng'ambo, na nia yake ya kununua.