Nyota Akianzia Benchi

Nafundisha kikapu hapa Moshi, kwenye uwanja wa saruji ambao kilele cha Kibo huuchungulia asubuhi kabla mawingu hayajashuka. Mfungaji wangu bora aliponuna kwa kuanzia benchi, nilimsimulia habari za Hasheem Thabeet.

Mwaka 2009 Mtanzania huyu alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA, na Memphis Grizzlies, mbele ya Stephen Curry. Chuoni Connecticut alikuwa nguzo ya ulinzi. NBA alipata dakika chache, na Februari 2010 akapelekwa timu ya ligi ya chini, Dakota Wizards. Baadaye, Oklahoma City, aliingia kumpumzisha mwenye namba: anaziba njia, anadaka ribaundi, anatoka.

Manu Ginobili naye, akianzia benchi San Antonio, mwaka 2008 alitunukiwa kuwa mchezaji bora wa akiba.

"Ukiwa benchi, soma mchezo," nikamwambia. "Tafuta kinachopungua, kisha ingia nacho. Kibo ndicho hupigwa picha, lakini wageni hawakifikii bila wapagazi."

"Sawa, kocha," akajibu, bado amenuna.

Jumamosi aliingia robo ya pili. Hakurusha hata mara moja. Alitoa pasi nne za vikapu. Alirudi kuketi akicheka.